Kibao cha ukutani hakilipi rangi iliyoungua

Vituo vingi vya kuosha na kung'arisha magari jijini Nairobi vina kibao kinachotangaza kuwa gari linaachwa kwa hatari ya mwenyewe. Wateja hukisoma na kukubali kwamba wakikuta mkwaruzo, taa iliyoingia maji au rangi iliyoungua, hiyo ni bahati yao mbaya. Imani hii ni potofu, na wanaoumizwa nayo zaidi ni watu wasio na uwezo wa kuibeba hasara.

Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, inafuata kanuni za mikataba zilizojengwa na mahakama za Uingereza. Kwa kanuni hizo, anayepokea mali ya mtu aifanyie kazi kwa malipo ana wajibu wa kuitunza, na ikiharibika mikononi mwake, ni yeye anayetakiwa kuonyesha kwamba hakuzembea. Tangazo nalo halina nguvu likija baada ya mapatano. Mwaka 1949, katika kesi ya Olley dhidi ya hoteli ya Marlborough Court, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikataa tangazo lililobandikwa chumbani, kwa kuwa mgeni alikuwa ameshapatana na hoteli mapokezi. Hoteli ikawajibika kwa mali yake iliyoibwa. Na hata aliyekiona kibao mapema ana Katiba ya 2010, ambayo katika Kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya fidia kwa hasara itokanayo na kasoro za huduma.

Wenye vituo hujibu kwamba kupiga polishi ni kazi ya hatari na kwamba magari mengi huletwa yakiwa yametumika Japani, pengine yamekwisha kupakwa rangi upya. Ni kweli. Kliya, lile tabaka la juu linaloipa rangi mng'ao, mara nyingi ina unene wa mikroni 35 hadi 50 tu, na kwenye kingo za boneti huwa nyembamba zaidi. Mashine ikikawia hapo, kliya inaisha, na hakuna polishi itakayoirudisha. Kipande kizima lazima kipakwe upya. Lakini hatari inayojulikana kabla ya kazi kuanza ndiyo hasa inayomhusu fundi. Kipo kifaa cha kupima unene wa rangi. Anayekitumia, akaandika vipimo na kupiga picha mbele ya mteja, amejilinda zaidi kuliko mwenye kibao.

Wapo pia wanaojiliwaza kwamba bima yao kubwa italipa. Huenda ikalipa, lakini sehemu ya kwanza ya hasara hubaki kwa mwenye gari, na punguzo la kutodai linaweza kupotea. Kijana wa kituo asiye na leseni akilisogeza gari na kuligonga ukutani, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa. Bima ya kituo nayo ina mitego: bima za dhima kwa umma kwa kawaida huondoa mali iliyo mikononi mwa mwenye bima, yaani gari lenyewe linaloshughulikiwa. Basi mteja asiulize tu kama kituo kina bima. Aulize kama inagusa magari ya wateja yakiwa kazini.

Pingamizi zito dhidi ya kuvitaka vituo viwe na bima hiyo ni kwamba gharama yake itaua biashara za vijana. Ningelikubali kama hasara leo ingekuwa haimwangukii mtu. Mwajiri akimkata muoshaji ujira kufidia gari la mteja, kijana ndiye anayegeuzwa kuwa bima. Sheria ya Ajira ya 2007, sehemu ya 19, inaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika pale tu mfanyakazi alipokosea kwa makusudi. Mkono ulioteleza si makusudi. Simdai bima kijana wa ndoo na sabuni kando ya barabara. Namdai anayetoza makumi ya maelfu ya shilingi kwa koti ya kauri ya kulinda rangi, kisha gari likiharibika ananyoosha kidole kwenye kibao. Huyo anaweza kuiweka bima ndani ya bei yake, na asipofanya hivyo, Mahakama ya Madai Madogo hupokea madai ya hadi shilingi milioni 1, na sheria inaitaka iyaamue ndani ya siku 60.