Afya ya Nyumbani: Mgongo wa Mtoto

Mwezi huu twanena juu ya kifua kikuu cha uti wa mgongo. Wengi hudhani kifua kikuu hukaa kifuani tu. Sivyo. Vijidudu vyake huingia mapafuni kwa pumzi, na pengine damu huvichukua hata kwenye pingili za mgongo. Huko huula mfupa taratibu, upande wa mbele, hata pingili ikaporomoka na mgongo ukafanya kibiongo. Tabibu Percivall Pott wa London alikieleza kibiongo hicho mwaka 1779, lakini kijidudu chenyewe hakikujulikana mpaka Robert Koch alipokitambulisha mwaka 1882.

Katika nchi ya malisho kama Oloipiri, mtazameni mchungaji mdogo aliyeangusha fimbo. Aliye mzima huinama akaiokota. Mwenye ugonjwa huu hainami. Huchutama, mgongo umekakamaa kama mti, mkono mmoja gotini, akaipapasa chini. Usiku hulia usingizini, kwa kuwa misuli iliyoulinda mgongo mchana kutwa imelegea. Hukonda, na jioni hushikwa na homa. Wazazi husema, “Alianguka kwenye punda,” na miezi hupita. Tusiwacheke, maana maumivu huanza polepole mno. Lakini miguu ikianza kulegea, uti wenyewe umebanwa, wala hapana siku ya kupoteza.

Mpelekeni hospitali ya Wasso, karibu na Loliondo, apimwe mgongo na kifua pia. Tena ulizeni nyumbani: ni nani akohoaye majuma mawili na zaidi? Ugonjwa ulio mgongoni tu hauambukizi wengine. Aambukizaye ni mwenye ugonjwa wa mapafu, labda babu alalaye na wajukuu katika nyumba isiyo na dirisha. Naye apimwe. Maziwa mabichi nayo huweza kuleta kifua kikuu cha ng'ombe, yachemsheni.

Zamani mgonjwa alilazwa muda mrefu, amefungwa plasta. Majaribio ya Korea yaliyoanza miaka ya 1960 yalionyesha kwamba wengi hupona kwa dawa huku wakitembea. Dawa hizo hutolewa bure katika Tanzania. Humezwa kila siku, na kwa ugonjwa wa mgongo huendelea miezi tisa hata kumi na miwili, kama tabibu aonavyo. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, msiogope, ni dawa tu. Macho yakiwa manjano, mrudisheni upesi.

Kwa kadiri tuonavyo, hatari kubwa ni mwezi wa pili au wa tatu, maumivu yakitulia. Boma likihama na ng'ombe, mwambieni mganga mapema, ili dawa zisikatike njiani. Kibiongo kilichokwisha kufanyika, vidonge havikinyooshi; na kikiwa kikubwa huyabana mapafu, mtoto akatweta kwa kupanda kilima kidogo. Mwalimu, mtoto wa namna hiyo asibebeshwe maji wala kuni, na akiomba kusimama wakati wa somo, mwache asimame.