Hesabu Isiwe ya Upande Mmoja

Neno la Mhariri

Kila mwaka, mavuno ya Trans Nzoia yanapokwisha kupukuchuliwa na malori yanapoanza kuteremka kutoka Kitale, huku mahindi ya Uganda nayo yakivuka mpaka pale Lwakhakha, kila mwenye magunia katika soko la Malakisi hulazimika kujibu swali ambalo wazazi wake walilijibu kabla yake: auze sasa kwa bei iliyopo, au aweke ghalani hadi Mei au Juni, nafaka itakapoadimika na bei kupanda? Aghalabu hulijibu kwa kukumbuka mwaka jana, au kwa kumsikiliza jirani aliyepata faida, au kwa kusukumwa na karo ya Januari isiyongoja mtu. Na atakavyojibu ndivyo nyumba yake itakavyokula, kwa kuwa hapa kwetu biashara ya nafaka na riziki ya nyumbani ni kitu kimoja.

Toleo hili tumelitoa kwa kuitakidi kwamba swali hilo lina elimu yake, nayo ni elimu ya takwimu na hesabu ya uwezekano. Kwamba misingi ya elimu hiyo si mirefu kiasi cha kumshinda mtu aliyemaliza kidato cha nne, ambaye amekwisha kufundishwa habari za sarafu, dado na mipira ya rangi ndani ya mfuko, lakini hakuonyeshwa kwamba mfuko ule ungaliweza kuwa gunia. Na kwamba kukosekana kwake kwa mwenye mahindi, ilhali wote anaoamiliana nao wanayo, ni dhuluma isiyo na mdhulumu. Kenya Seed Company, iliyoanzishwa Kitale mwaka 1956, haikuwaletea wakulima mbegu chotara ya H611 mwaka 1964 kwa kubahatisha, bali baada ya kazi ndefu ya wataalamu wa kituo cha utafiti cha Kitale, waliopanda vitalu, wakapima, wakalinganisha. Mwenye kuuza bima ya mazao hakadirii ada yake kabla ya kuhesabu miaka mingapi katika kumi mvua hukosekana. Na tangu M-Shwari ilipoanza mwaka 2012, mwenye duka dogo la Malakisi akiomba mkopo kwa simu hupimwa kwa mwenendo wa fedha zake katika simu hiyo, akawekwa katika daraja la watu wa namna yake, na uwezekano wake wa kutolipa ukajulikana kwa mkopeshaji kabla yeye mwenyewe hajaufikiria. Sisemi kwamba mkopeshaji amekosa. Nasema kwamba mapatano ambayo mmoja anajua hesabu yake na mwingine haijui hayajawa mapatano ya watu wawili walio sawa.

Tuanze na bambo, maana chombo hiki ndicho takwimu iliyoshikwa mkononi. Lori la magunia 50 limesimama mbele ya ghala. Mnunuzi achukua bambo lake, kile chuma cha mfereji chenye ncha, alichoma ubavuni mwa gunia, aliinamisha, na punje zateremka hadi kiganjani. Atazama rangi, anusa, kisha atia punje moja baina ya magego na kuiuma: ikivunjika kwa mlio, mahindi yamekauka, meno yakizama, bado yana maji. Aliye mwangalifu zaidi hutia punje pamoja na chumvi kavu katika chupa, akaitikisa, aone kama chumvi itagandama kwenye kioo. Akiisha kuchoma magunia matano na yote yakawa mema, hulipa, na magunia 45 yaliyosalia huingia ghalani kwa imani.

Sasa natuulize. Ikiwa katika magunia yale 50 yamo 10 yaliyooza, kuna uwezekano gani kwamba matano aliyoyachoma yote yawe mema? Hesabu yake ni ya kuzidisha visehemu vitano tu: 40 juu ya 50, mara 39 juu ya 49, mara 38 juu ya 48, mara 37 juu ya 47, mara 36 juu ya 46, na jibu ni 31 katika 100. Yaani mnunuzi huyu hodari, mwenye bambo zuri na magego makali, atalipa bei kamili kwa shehena ambayo sehemu yake moja katika tano imeharibika, karibu mara moja katika kila mara tatu. Akichoma magunia kumi badala ya matano, hatari hiyo hushuka hadi 8 katika 100. Dakika chache zaidi zimempunguzia hatari karibu mara nne, wala hakununua chombo kipya wala kuajiri mtu.

Lakini hesabu hiyo ina sharti, na sharti hili wengi huliruka: kila gunia liwe na nafasi sawa na jingine ya kuchomwa. Anayechoma yaliyo karibu na mlango wa lori hapimi lori, anapima uungwana wa aliyelipakia. Njia ya haki ni kuyapa magunia nambari na kuzitoa kwa kura, hata kwa vipande vya karatasi ndani ya kofia, na hata kama itabidi wapagazi washushe yaliyo chini kabisa. Jambo hili lina uzito zaidi katika sumu ya aflatoksini, ambayo kanuni zetu zimeiwekea mpaka wa mikrogramu 10 katika kilo moja ya mahindi, na ambayo haienei sawasawa katika shehena, bali hukaa katika punje chache zilizopata kuvu, hata gunia moja likawa safi juu na hatari chini. Mwezi wa Machi 2021, Kenya ilipozuia kwa siku chache mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo, watu wa mpakani waliteta sana juu ya siasa na ujirani, na walikuwa na haki ya kuteta. Ila swali ambalo lingalistahili kutangulia mengine yote ni hili: sampuli zilichukuliwa vipi, kutoka magunia mangapi, na nani aliyachagua?

Natoka kwenye gunia naja kwenye kumbukumbu, ambayo ndiyo ghala kubwa la mfanyabiashara. Mwaka 1899 kiwanda cha bia cha Guinness mjini Dublin kilimwajiri kijana mmoja mwanakemia, William Sealy Gosset, ambaye alijikuta na tatizo ambalo mtu wa Malakisi angalilitambua mara moja: alitakiwa kuamua juu ya shayiri na hopu kwa vipimo vichache mno, kwa kuwa kila kipimo kilikula fedha na msimu, ilhali vitabu vya wakati ule vilimfundisha kanuni za vipimo mamia. Akafanya kazi, akaonyesha kwamba vipimo vikiwa vichache shaka huwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa, akatoa majedwali ya kuikadiria shaka hiyo. Na kwa kuwa mwajiri wake hakuwaruhusu watumishi kuchapisha kwa majina yao, makala yake ya mwaka 1908 yalitoka kwa jina la Student, na kwa jina hilo wanafunzi wa dunia nzima wanayajua hadi leo.

Faida yake kwetu ni hii. Tuchukue mfano wa mtu aliyeweka mahindi miaka minne, akapata katika kila gunia faida ya shilingi 1,500 mwaka wa kwanza, 1,200 wa pili, 900 wa tatu, na mwaka wa nne akapata hasara ya 400. Wastani wake ni faida ya shilingi 800, na kwa wastani huo atasimama mbele ya mkewe au mbele ya benki akisema kwamba kuweka kunalipa shilingi 800. Lakini ukitazama jinsi nambari zake zilivyotawanyika, ukakumbuka kwamba ni nne tu, majedwali ya Gosset yatakwambia kwamba wastani wa kweli waweza kuwa popote baina ya hasara ya shilingi 530 hivi na faida ya 2,130. Miaka yake minne haijamthibitishia hata kwamba kuna faida. Haimwambii asiweke, inamwambia asikopee juu ya shilingi 800 kana kwamba ziko mfukoni. Tena mwenye magunia 300 na mwenye magunia matatu wakipewa wastani mmoja hawakupewa habari moja, kwa sababu wa kwanza ataungoja mwaka mwema baada ya mwaka mbaya, na wa pili, mwaka mbaya ukimkuta, atauza ng'ombe.

Kisa kikubwa kabisa cha elimu hii katika wilaya zetu kilifanyika si mbali na hapa, Webuye, na nasikitika kwamba kinajulikana zaidi katika vyuo vikuu vya Marekani kuliko katika soko la Malakisi. Shirika la One Acre Fund, ambalo lilianza kazi Bungoma mwaka 2006, lilishirikiana na wachumi Marshall Burke, Lauren Falcao Bergquist na Edward Miguel kuchunguza, kwa misimu miwili kuanzia 2012, kwa nini mkulima huuza mahindi yakiwa rahisi na kuyanunua tena yakiwa ghali. Walidhani kwamba si ujinga bali ni uhaba wa fedha wakati wa mavuno. Basi wakawapa baadhi ya wakulima mkopo wa wakati huo, na waliopewa na wasiopewa wakachaguliwa kwa kura. Kura ile ndiyo roho ya jambo. Kama wangaliwalinganisha tu waliojiwekea wenyewe na waliouza mapema, wangaliwakuta wa kwanza wana hali njema zaidi, wakasifu ghala, kumbe hao waliweza kuweka kwa sababu tangu awali walikuwa na akiba, na ghala halina sifa yoyote katika hilo.

Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2019, yalionyesha kwamba mkopo ule uliwawezesha wakulima kuuza kidogo wakati wa mavuno na zaidi baadaye, na fedha yake ikazaa kiasi cha asilimia 29. Lakini lililonishughulisha zaidi ni la pili. Watafiti walitofautisha kwa makusudi wingi wa waliokopeshwa, mahali pengine wengi, pengine wachache; na palipokuwa na wengi, bei ya mavuno na bei ya njaa zikakaribiana, faida ya kila aliyeweka ikapungua, na jirani ambaye hakupata mkopo wowote akanufaika kwa bei iliyotulia. Nani angalijua hilo kwa kukaa kibandani na kukumbuka? Mtu mmoja akiweka, bei haimjui. Malakisi nzima ikiweka, bei ya Juni si ile tena aliyoitegemea. Kwa hiyo anayemshauri mkulima mmoja na anayeishauri kaunti hawana haki ya kutumia hesabu moja, na ningependa wakubwa wa Bungoma na Trans Nzoia wanaopanga maghala wasome kisa hiki kabla ya kutangaza faida.

Ni wajibu wangu kutaja pia mahali elimu hii inapokoma. Dado halibadili nyuso zake katikati ya mchezo, lakini bei ya mahindi hubadilishwa. Mwaka 2017 bodi ya nafaka, NCPB, ilinunua gunia la kilo 90 kwa shilingi 3,200. Mwishoni mwa 2018 ikatangazwa 2,300, wakulima wakalalamika, na mwanzoni mwa 2019 ikapandishwa hadi 2,500. Aliyekuwa amehesabu uwezekano wake kwa uangalifu kutokana na miaka iliyopita hakukosea kuzidisha. Amri ndiyo iliyobadili mchezo. Kwa hiyo hatudai popote katika kurasa hizi kwamba takwimu huondoa ghaibu. Twadai kwamba humwezesha mtu kutenga aliyokadiria na asiyoweza kuyakadiria, ili hayo ya pili ayawekee akiba badala ya kuyaombea tu.

Makala yanayofuata yameandikwa kwa watu wa kazi: mwenye posho mill anayetaka kujua aweke akiba kiasi gani ya mafuta, mama wa mitumba anayenunua robota asiloruhusiwa kulifungua, mkulima anayesomewa sharti la bima ambayo hulipwa kwa mvua iliyopimwa kituoni, wala si kwa mvua ya shambani kwake. Kila hesabu imefanywa hatua kwa hatua, na aliye na kalamu na daftari hatahitaji chombo kingine.

Sisi nasi tuna ombi. Wasomaji wa Malakisi, Chwele, Kimilili, Bungoma na Kitale watuandikie bei: tarehe ya siku ya soko, kipimo kilichotumika, kama ni gorogoro, debe au gunia la kilo 90, bei waliyouzia au kununulia, na kwa walioweka, gharama ya dawa, ya magunia na ya punje zilizoliwa na fukusi. Tutayachapisha hayo yote katika jedwali moja bila majina ya watu. Aliyepata faida hahitaji kuhimizwa, huyo huzungumza mwenyewe. Nawaomba hasa walioweka wakapata hasara, ambao hesabu zao hazijapata kusikika sokoni, waniletee madaftari yao kwanza.