Chombo cha Kazi Kichaguliwe na Anayekishika



Katika mikutano yetu twazungumza sana juu ya mshahara na saa za kazi, na ni haki. Lakini liko jambo ambalo hupita kimya, nalo ni vyombo vya kazi: nani anavichagua, nani anavilipia, na nani hulaumiwa vinapoharibu kazi. Sisi mafundi wa mbao wa Lubumbashi tunaotengeneza magitaa twataka kulieleza kwa mfano wa kazi yetu wenyewe.

Katanga na gitaa ni marafiki wa siku nyingi. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, na sifa ya vidole vyake ikavuka mipaka hadi Nairobi. Majina ya wapigaji hukumbukwa. Jina la aliyechonga shingo ya gitaa halikumbukwi, ingawa mpigaji huigusa kazi yake kila usiku kwa kiganja na kidole gumba.

Shingo haina huruma. Gitaa la nyuzi za chuma huwa na upana wa milimita 43 hivi karibu na kichwa, na unene wa milimita 21 hivi. Ukiacha milimita mbili zaidi, mkono wa mpigaji huchoka. Ukipunguza mno, nyuzi huvuta shingo ikapinda, na gitaa hurudishwa.

Sasa, vyombo gani? Wauzaji hupenda kutuuzia sanduku zima. Sisi twasema vichache vyatosha, mradi viwe vizuri.

Kwanza ni cha kuondoa mbao nyingi. Vitabu husifu kisu cha mikono miwili, kile unachokivuta kuelekea kifuani. Kwa mbao iliyonyooka ni kweli, chafanya haraka. Lakini mkangazi mara nyingi nyuzinyuzi zake zimepishana, na kisu huzifuata kikazama kuliko ulivyotaka. Kwa hiyo kwetu tupa ya mbao ndiyo mama wa kazi, maana haifuati nyuzinyuzi, hukata pale tu unapoisukuma.

Na tupa hazilingani. Ile yenye meno yaliyopigwa kwa mashine, yamepangwa mstari, huacha mifereji. Ile ambayo meno yake yamepigwa kwa mkono, moja moja, hayafuatani sawasawa, na kwa sababu hiyo mbao hubaki laini zaidi. Bei yake ni kubwa. Hata hivyo mbili za namna hiyo, moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo, zapita nusu dazeni za bei rahisi.

Baada ya tupa huja randa ndogo yenye mikono miwili, ya kunyoosha mgongo wa shingo. Msiitazame rangi yake. Tazameni kama chuma chake chashika makali, na kama mdomo wake ni mwembamba. Ongezeni patasi moja au mbili na kisu kwa ajili ya kisigino na kichwa.

Cha kumalizia hakina gharama. Kata kipande cha msumeno mkuukuu, nyoosha ukingo wake kwa tupa ya chuma, kisha uupinde kidogo kwa kuusugua na chuma kigumu. Kipande hicho hukwangua maganda membamba kama karatasi, na hupunguza kazi ya msasa. Hili si dogo kwa afya yetu, kwani tangu mwaka 1995 vumbi la mbao limo katika orodha ya kimataifa ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu.

Na mwisho ni kinoo. Wazee walisema kinolewacho hupata. Pasipo kinoo, vyote hivyo ni vyuma tu.

Kwa nini twayaandika haya katika gazeti la chama? Kwa sababu katika karakana moja tunayoijua, kijana anayejifunza kazi alipewa sanduku la patasi 12 za bei rahisi na tupa iliyokwisha meno. Hakuulizwa lolote. Aliharibu shingo tatu, na bei ya mbao ikakatwa katika malipo yake. Mzee mmoja alipozijaribu patasi zile, makali yalijikunja kabla ya saa sita mchana. Je, kosa lilikuwa la nani?

Waajiri husema vyombo vizuri huibwa. Basi kila fundi atie sahihi kwa alivyopewa. Hata baadhi yetu husema fundi hodari hufanya kazi kwa chombo chochote. Sifa hiyo ni tamu, lakini ndiyo inayotulipisha.

Mkataba Namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, wasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Kwa hiyo twaomba kila kamati ya karakana idai mambo matatu yaandikwe katika makubaliano: vyombo vinunuliwe na karakana baada ya kuwauliza wanaovitumia, mfanyakazi asikatwe senti kwa kazi iliyoharibiwa na chombo kibovu, na muda wa kunoa uhesabiwe kuwa muda wa kazi.

Chombo alichojitengenezea fundi kwa mikono yake kibaki chake. Vingine vyote ni deni la mwajiri.

Umoja ni nguvu.