Uboho Haujengi Mishipa ya Saratani, Unausimamia Ujenzi Wake

Kuna maelezo yaliyozoeleka kuhusu jinsi saratani inavyojipatia damu. Uvimbe, tunaambiwa, huita seli changa kutoka kwenye uboho wa mifupa. Seli hizo husafiri ndani ya damu, hujipachika kwenye uvimbe, kisha hugeuka kuwa kuta za mishipa mipya. Ukizizuia njiani, uvimbe utakufa njaa. Ni maelezo mepesi kukumbukwa, na nusu yake ni kweli. Nusu ya pili haikustahimili vipimo.

Tuwatendee haki walioyaanzisha. Mwaka 1971 Judah Folkman, daktari wa upasuaji mjini Boston, alitoa hoja kwamba uvimbe usiopata mishipa yake hudumaa ukiwa na upana wa milimita chache tu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa mishipa hiyo huchipua kutoka kwenye mishipa jirani. Mwaka 1997 Takayuki Asahara na wenzake wakaripoti kwamba damu ya watu wazima ina seli zinazoweza kugeuka kuwa ukuta wa mshipa. Mwaka 2001 David Lyden, Shahin Rafii na wenzao wakatumia panya wenye upungufu wa jeni za Id1 na Id3, ambao miili yao hushindwa kuuoteshea uvimbe mishipa. Walipowapandikizia uboho wa panya wasio na kasoro hiyo, mishipa ikaota na uvimbe ukakua.

Jaribio hilo lilithibitisha kwamba uboho unahitajika. Kuhitajika, hata hivyo, si sawa na kuwa ukuta wenyewe. Seli iliyoukumbatia mshipa kwa nje, ikitazamwa kwa haraka kwenye darubini, huonekana kama sehemu ya ukuta. Zaidi ya hapo, baadhi ya alama zinazotumika kuitambua seli ya ukuta hupatikana pia kwenye seli za damu.

Watafiti walipotazama kwa makini zaidi, picha ilibadilika. Mwaka 2005 walichunguzwa wagonjwa sita waliopata saratani baada ya kupandikiziwa uboho wa watu wa jinsia nyingine, hivyo kromosomu za jinsia zikaonyesha ni seli ipi ya nani. Katika kuta za mishipa ya uvimbe, seli zilizotoka kwa wafadhili zilikuwa asilimia 4.9 kwa wastani. Mwaka 2008 watafiti wa Finland waliwapa panya uboho uliowekewa alama ya kung'aa. Seli zenye alama zilijaa kandokando ya mishipa, lakini hawakuzikuta zikiwa ukuta.

Basi zilikuwa zinafanya nini pale? Mwaka 2003 Michele De Palma, Luigi Naldini na wenzao nchini Italia walikuwa wameonyesha kwamba kundi la seli za damu zitokazo kwenye uboho hukaa kando ya mishipa ya uvimbe bila kuingia ukutani. Walipoziua, uotaji wa mishipa ulizorota. Seli za aina hii hutoa protini zinazohimiza mishipa jirani kuchipua, na vimeng'enya kama MMP-9 vinavyokata nyuzi za tishu na kuachilia VEGF, protini inayochochea mishipa kuota, iliyonaswa humo. Kwa ufupi, uboho hauleti matofali. Unaleta wasimamizi wa ujenzi.

Wapo watakaosema kwamba mchango wa seli za ukutani hutofautiana kwa aina na hatua ya uvimbe. Ni kweli: hata kwa wale wagonjwa sita ulitoka asilimia 1 hadi 12. Lakini asilimia 12 ndiyo iliyokuwa ya juu kabisa, na haitoshi kuitwa chanzo cha mishipa.

Tofauti hii inagusa tiba. Bevacizumab, dawa inayoikamata VEGF, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana iliyosambaa. Iliwaongezea wagonjwa muda, lakini kwa wengi ugonjwa uliendelea baadaye. Mwaka 2007 kundi la Napoleone Ferrara lilionyesha, katika panya, kwamba uvimbe unaokaidi dawa za kuzuia VEGF huwa umejaa seli nyeupe za uboho, zinazoufungulia njia nyingine za kuotesha mishipa.

Anayeamini kuwa uboho ni ghala la kuta ataendelea kutafuta namna ya kulifunga ghala hilo. Ushahidi unataka tuzifuate amri ambazo seli hizo zinatoa. Walimu na waandishi wa afya, acheni kufundisha kwamba uboho hugeuka mishipa ya saratani. Fundisheni kwamba huichochea.