Minamata: Kumbukumbu ya Sumu Iwe Mikononi mwa Nani?

Minamata, mji wa bandari katika mkoa wa Kumamoto huko Japani, una makumbusho mawili ya msiba mmoja. Ya kwanza ni ya halmashauri, yaliyofunguliwa mwaka 1993 juu ya kilima. Chini yake kuna hekta 58 za ardhi mpya, zilizopatikana kwa kufukia sehemu ya ghuba pamoja na tope lake lenye zebaki. Ya pili ni ya Soshisha, taasisi inayosimama na waathirika. Hayo yalianza mwaka 1988 katika banda lililokuwa la kuoteshea uyoga. Mji ni mdogo, na mwenye kushika daftari la hesabu angeona mantiki ya kuyaunganisha. Mimi naona kuyaunganisha kungekuwa kosa kubwa.

Kiwanda cha kampuni ya kemikali ya Chisso kilitengeneza asetaldehidi tangu 1932 hadi 1968 kwa kutumia zebaki kama kichocheo, na maji yake machafu yakamwagwa katika bandari ya Hyakken. Sumu ikaingia kwa samaki na kome, ikafika kwa paka, kisha kwa wavuvi na watoto wao, hata waliokuwa bado tumboni. Tarehe 1 Mei 1956, hospitali ya kiwanda hichohicho, chini ya daktari Hosokawa Hajime, iliripoti serikalini ugonjwa usiojulikana: mikono kufa ganzi, ulimi kuwa mzito, miguu kuyumba. Mwaka 1959 Hosokawa alimlisha paka maji ya kiwanda, na paka akaugua vivyo hivyo. Kampuni ikaficha jaribio hilo. Desemba mwaka huohuo ikawafanya waathirika watie saini mkataba wa fedha za pole, wakikubali kutodai zaidi hata ikithibitika kuwa kiwanda ndicho chanzo. Serikali ilikiri ukweli Septemba 1968, baada ya mitambo ya asetaldehidi kusimamishwa.

Na mji wenyewe ulikuwa wapi? Hashimoto Hikoshichi, mhandisi aliyehusika kubuni mbinu ile ya kutengeneza asetaldehidi na aliyewahi kuwa mkuu wa kiwanda, ndiye aliyekuwa meya wa Minamata kuanzia 1950 hadi 1958, kisha tena 1962 hadi 1970. Kiwanda kiliajiri watu na kulipa kodi. Aliyelalamika alionekana anamwaga unga wa jirani zake. Kwa hiyo halmashauri ni mhusika katika kisa hiki. Taasisi ya namna hiyo inaweza kusimulia yaliyotokea, na inapaswa kufanya hivyo, lakini haiwezi kuwa msimulizi wa pekee.

Haki itendeke: halmashauri haikukaa kimya daima. Mwaka 1994 meya Yoshii Masazumi aliwaomba radhi waathirika hadharani, na makumbusho ya mji yamewapa waathirika wenyewe nafasi ya kusimulia maisha yao mbele ya wageni. Wanafunzi wa mkoa mzima huletwa pale, idadi ambayo banda la uyoga haliwezi kuipokea. Hofu ya wakazi nayo si ya kubuni. Vijana wa Minamata walikataliwa kazi na uchumba kwa sababu ya asili yao, na wapo wakazi waliotaka ugonjwa huo usiitwe kwa jina la mji wao.

Lakini hofu hiyo ndiyo inayofanya chombo cha serikali kulegea. Mwaka 2021 filamu iliyomhusu Eugene Smith, mpiga picha aliyewapiga picha waathirika hawa, ilipokaribia kuoneshwa Minamata, halmashauri ilikataa kuidhamini. Serikali kuu nayo haikuwa bora: Mei 2024, waathirika walipokutana na waziri wa mazingira, maikrofoni zilizimwa kwa waliopitisha dakika tatu. Waziri alilazimika kurudi kuomba radhi. Miaka karibu sabini ya maumivu ilipimiwa dakika tatu.

Banda la uyoga halina mipaka ya namna hiyo. Humo mna kibanda cha paka wa majaribio na mabango meusi ya maandamano. Hakuna anayelazimika kulainisha hasira iliyoandikwa juu yake. Mgeni akitoka hapo anajua kwamba msiba huu ulikuwa na wenye kuamua, na kwamba waliamua huku wakijua.

Jambo hili linatuhusu Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa Mkataba wa Minamata; ulipitishwa 2013, ukaanza kutumika 2017, na Tanzania iliuridhia 2020. Uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaotoa zebaki nyingi zaidi hewani duniani. Geita, Chunya na Migori, zebaki inashikwa kwa mikono mitupu kwenye mialo ya kuchenjulia dhahabu, na moshi wake unavutwa na yeyote aliye karibu, watoto wakiwamo. Tumepokea jina la mkataba bila kisa chake. Mama anayechoma dhahabu uani anaambiwa zebaki ni hatari. Haoneshwi kwamba waliojua hatari hiyo waliwahi kuificha kwa maslahi yao.

Waathirika waliozaliwa na ugonjwa huu miaka ya hamsini sasa wanakaribia au wamepita miaka sabini. Serikali ya Japani, inayojivunia mkataba wenye jina la mji huo, itenge fedha za kudumu kuhifadhi nyaraka na sauti zilizoko Soshisha, bila sharti lolote juu ya maneno yatakayobandikwa ukutani. Nasi, tunapotuma wajumbe kwenye mikutano ya zebaki, tuwatake wapite kwanza kwenye lile banda.