AJALI NI KADARI, LAKINI KAFARA NI YA NANI?

Bismillahi Rahmani Rahim.



Leo nazungumza na watu wa Buhongwa, na kila anayeishi mtaa unaofanana na Buhongwa. Barabara kuu ya Mwanza kwenda Shinyanga inapita katikati yetu. Malori, mabasi, daladala, bodaboda na watoto wa shule, wote humo humo. Tukisikia kishindo tunakimbilia, wengine wanatoa simu kupiga picha, kisha tunasema: "Ni kadari ya Allah."

Kweli, ni kadari. Lakini jiulize, ndugu yangu: mbona walioumia wanafanana?

Mwaka 2012 madaktari wa Bugando, hospitali yetu ya rufaa, walichapisha utafiti wa majeruhi 1,678 wa ajali za barabarani waliofika pale. Zaidi ya nusu, ajali zao zilikuwa za pikipiki. Rika lililoongoza ni la miaka 21 hadi 30, na wanaume walikuwa mara mbili ya wanawake. Zaidi ya nusu waliumia kichwa. Wanane katika kila kumi walitibiwa kwa upasuaji, wengi wao wakisafishwa vidonda. Kwa wastani mgonjwa alilazwa zaidi ya wiki tatu. Na katika kila 100, takriban 17 walifariki.

Kijana, pikipiki, kichwa. Kijana, pikipiki, mguu. Jambo linalojirudia hivi lina sababu, na dini yetu imetuamrisha kuchukua sababu. Mtume (S.A.W) alimuelekeza yule mtu amfunge ngamia wake kwanza, ndipo amtegemee Allah. Kofia ngumu ndiyo kamba ya ngamia wetu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali zimeonesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69, na hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42.

Sasa sikiliza kwa makini. Fungua Surat An-Nisaa, aya ya 92. Inamzungumzia mtu aliyemuua muumini bila kukusudia. Je, Allah amemwambia aende zake kwa sababu ilikuwa kadari? Hapana. Amemwekea kafara ya kumuacha huru mtumwa muumini, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Juu ya hayo kuna diya kwa familia ya marehemu, isipokuwa wao wenyewe wakisamehe.

Dereva asiye na kosa lolote hadaiwi. Lakini aliyeendesha mwendo wa kasi, aliyelipita lori kwenye kona, aliyejua breki hazishiki akapakia abiria, huyo asijifiche nyuma ya neno "sikukusudia". Aya hiyo imeshuka kwa ajili ya wasiokusudia! Mahakama ikikuachia, miezi miwili ya saumu bado inakusubiri.

Na wewe tajiri wa pikipiki, unayesubiri hesabu yako kila jioni. Umempa kijana chombo chenye tairi kipara, bila kofia, na hesabu ambayo haitimii mpaka akimbie hadi usiku wa manane. Sisemi kafara ni yako, hilo waulize wanazuoni kwa kila tukio. Ninachosema ni kwamba kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na kijana yule yuko chini yako.

Dada yangu unayesema kofia ya bodaboda inanuka jasho, nunua yako, uivae juu ya hijabu yako, na kamba uifunge. Baba unayempakia mama na watoto wawili mshikaki, umewapanga wote kwenye ajali moja. Na wewe dereva unayevaa kofia ukimuona trafiki, ukishampita unaitundika kwenye usukani: aliyekuona kabla ya trafiki bado anakuona.

Najua mtaniambia, "Ustadh, barabara nyembamba, vivuko hakuna, wenye malori hawajali." Ni kweli, na serikali tuidai matuta, alama na taa bila kuchoka, maana kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Lakini wakati tunadai, kichwa chako kiko juu ya pikipiki leo.

Nina ombi kwa misikiti yetu. Kijana wa kijiweni akifa, kabla ya alasiri tumeshachanga pesa ya sanda na usafiri. Tunajitahidi, Allah atulipe. Basi Ijumaa moja tuchange kabla hajafa. Tumnunulie kofia mbili, yake na ya abiria. Bei yake ni ndogo mno mbele ya chuma kinachowekwa kwenye mfupa wa paja, na mbele ya wiki tatu za mama mzazi kulala kwenye korido za hospitali. Wenye afya twende pia tukachangie damu, kwa sababu majeruhi hawezi kusubiri tutafutane.

Allah amelifanya kuokoa nafsi moja kuwa kama kuokoa watu wote. Usiisubiri nafasi hiyo iwe kubwa. Huenda ikawa ni kofia moja tu.

Yaa Allah, waponye majeruhi wetu, warehemu waliotangulia, na utupe akili ya kufunga ngamia wetu. Amin.

Mfikishie ujumbe huu bodaboda wako, na tajiri wake.

Wabillahi tawfiq.