Lenzi moja ya kila kitu: naikubali, lakini si kanisani

Swali hili halichoki. Mtu amenunua kamera ya fulu-fremu na sasa anataka lenzi moja tu, 24 hadi 240mm ama 28 hadi 200, aachane na habari ya begi. Anunue? Mimi huuliza kwanza: picha zako unazipiga saa ngapi?

Kama ni asubuhi hapa Gatitu, nunua. Mlima huonekana mapema, na ikifika saa nne mara nyingi mawingu yameufunika. Dakika hizo chache unataka shamba zima kwa 24mm, kisha vilele kwa 200, bila kufungua kamera. Ukienda Solio kutafuta vifaru ni vivyo hivyo: vumbi likiingia kwenye sensa wakati unabadilisha lenzi, utakaa na madoa angani kwenye kila picha. Hata mazishi, ambayo huku kwetu hufanywa mchana na nje, lenzi hii inayaweza, tena bila wewe kupekua begi mbele ya wafiwa.

Shida ni mwanga. Nyingi kati ya lenzi hizi zikivutwa hadi mwisho hubaki na f/6.3. Ukilinganisha na f/2.8, mwanga unaoingia ni kama moja ya tano. Kanisani ulipokuwa ukitumia ISO 1600, sasa ni 8000 kwa kasi ileile ya shata. Na usiniambie habari ya kizuia mtikisiko. Hicho kinatuliza mkono wako, hakimtulizi bibi harusi anayecheza.

Hapa ndipo hesabu inaniuma. Sensa ya fulu-fremu ina eneo kama mara 2.3 ya ile ya APS-C, na ndiyo sababu uliilipia. Ukiiwekea f/6.3, punje za picha zinakuwa karibu sawa na za f/4 kwenye kamera ndogo. Faida uliyonunua umeirudisha dukani, na risiti huna.

Kuna pia jambo la programu, ambalo kwa kazi yangu silipiti. Canon RF 24-240 ya 2019, ukifungua faili ghafi kwa 24mm bila masahihisho, pembe ni nyeusi. Programu huivuta picha hadi ijae. Wengine huita huo udanganyifu. Mimi naona ni uhandisi mzuri, maana kioo kilichopunguzwa ni uzito uliopunguzwa. EF 28-300 ya 2004 ilikuwa na kilo 1.67, hii ina gramu 750 (si lenzi za daraja moja, najua). Lakini pikseli iliyovutwa haiongezi habari. Usitegemee pembe kali hapo.

Ningekuwa na Sony ningechukua Tamron 28-200 ya 2020: gramu 575, na kwa 28mm inaanzia f/2.8, ingawa ukivuta inashuka haraka hadi 5.6. Kisha ningetia mfukoni 50mm f/1.8 ya bei nafuu, ambayo inaingiza mwanga mara 12 kuliko f/6.3. Hiyo ndiyo ya kanisani. Utakachokosa ni zile 4mm za upana, na kwenye kanisa dogo, watu wa picha ya familia wakiwa thelathini, utarudi nyuma hadi mgongo uguse ukuta.